Kimya cha Tapeti

Wanaoandika historia ya magari hupenda kuzungumzia mambo makubwa: nani alibuni gari la kwanza, kiwanda kipi kiliuza magari mengi zaidi, na dereva gani alishinda mbio za masafa marefu. Katika insha hii nataka kuzungumzia kitu kidogo sana, ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona. Ni uwazi wa milimita 0.15, yaani kama unene wa karatasi moja na nusu ya daftari. Kwa miaka mingi uwazi huo ulisimamiwa na mkono wa binadamu. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa oili. Makabidhiano hayo yana historia yake, na naona yana funzo kwa yeyote aliyewahi kumkabidhi mwingine kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe.

Tuanze na uwazi wenyewe. Kwa kawaida silinda ya injini ya petroli ya gari huwa na walau valvu mbili, moja ya kuingizia hewa na petroli, nyingine ya kutolea moshi. Katika injini za zamani, chini kabisa hukaa kamshafti, ambayo ni shafti yenye nundu. Nundu ikizunguka huinua tapeti, tapeti husukuma pushirodi, pushirodi huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka huibonyeza valvu ikafunguka. Nundu ikishapita, springi huirudisha valvu mahali pake.

Vyuma hutanuka vikipata joto, wala havitanuki kwa kiasi kimoja au kwa wakati mmoja. Aidha, vinavyogusana mamilioni ya mara hulika. Ndiyo maana watengenezaji waliacha uwazi mwembamba kati ya roka na shina la valvu. Uwazi ukizidi, injini hulia ta-ta-ta-ta kama cherehani, na nguvu hupungua kwa sababu valvu haifunguki vya kutosha. Uwazi ukikosekana kabisa, valvu haifungi sawasawa. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa valvu ya moshi hupoza joto lake kwa kukaa barabara juu ya kiti chake. Isipokaa, huungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulikuwa kinyume, kwani aliyeuziba wote ndiye aliyenunua silinda hedi mpya.

Nitafuata historia hii kwa njia ya gari moja ambalo wengi wetu Afrika Mashariki tunalifahamu, nalo ni Kombi ya Volkswagen. Mnamo tarehe 23 Aprili 1947, Mholanzi aitwaye Ben Pon alichora katika daftari lake picha ya gari lenye umbo la sanduku, dereva akikaa mbele kabisa na injini ikiwa nyuma. Tarehe 8 Machi 1950 kiwanda cha Wolfsburg kilianza kuliunda gari hilo kwa wingi. Injini yake ilikuwa ileile ya Kobe, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,131 na nguvu ya farasi 25 tu. Haikuwa na rejeta wala maji. Ilipozwa kwa upepo wa feni. Silinda zake nne zililala chini, mbili upande huu na mbili upande ule.

Gari hilo lilifika kwetu mapema. Mashirika ya dini yalilitumia, hospitali zililitumia, na makampuni ya utalii yakatoboa paa lake ili wageni wasimame wakipiga picha za simba. Sifa ya injini hizo iliongezwa na mashindano ya safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambayo baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally. Mwaka 1962 Kobe wa Volkswagen alimaliza wa kwanza. Ikawa kila mji wenye barabara ya vumbi una fundi anayeijua injini ile kama anavyoijua njia ya kwenda kwake.

Kuseti tapeti za injini ile ilikuwa kazi ya asubuhi, kabla gari halijawashwa, kwa sababu kipimo chake ni cha injini baridi. Fundi alilala chini ya bampa la nyuma, akaibandua kava iliyoshikwa na waya wa springi, akazungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya kwanza ifike juu. Alilegeza nati kwa spana, akapenyeza bamba la fila lenye unene wa milimita 0.15, kisha akakaza skrubu kwa bisibisi hadi bamba lipite kwa kukwaruza kidogo. Alifuata mpango wa kuwaka: ya kwanza, ya nne, ya tatu, ya pili. Kazi yote haikuzidi saa moja. Kitabu cha gari kiliagiza irudiwe kila baada ya maili elfu chache, na mwenye gari mwangalifu alitii.

Sasa, ndugu msomaji, naomba uangalie jambo moja ambalo kitabu cha gari hakikulisisitiza. Kila fundi alipofungua kava, alifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kusahihisha uwazi. Ya pili, ambayo pengine hakuihesabu kuwa kazi, ni kupata habari. Katika injini zile silinda ya tatu ilikuwa na shida maalumu: kipoza-oili kilisimama katika njia ya upepo wake, hivyo ilipata joto kuliko wenzake. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika magari ya mwaka 1971 kwa kukihamisha kipoza-oili. Kabla ya hapo, fundi mzoefu alipokuta kwamba uwazi wa valvu ya moshi ya silinda ya tatu umepungua, akauseti, na safari iliyofuata akaukuta umepungua tena, alijua kuwa shina la valvu linarefuka kwa joto au kiti chake kinadidimia. Valvu inayorefuka hatimaye hukatika kichwa, na kichwa hicho hudondoka juu ya pistoni. Uwazi ule mwembamba ulikuwa barua. Aliyejua kuisoma alibadilisha valvu moja kwa wakati, akaiokoa injini nzima.

Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakuogopa sana tapeti inayolia. Inayolia ina nafasi, na yenye nafasi haiungui upesi. Waliyoiogopa ni ile iliyokuwa ikilia jana na leo imenyamaza bila kuguswa na mtu.

Huku Ulaya na Marekani, hata hivyo, wanunuzi wa magari ya kifahari walitaka kimya. Mwezi Januari 1930 kampuni ya Cadillac ilionyesha huko New York gari lenye injini ya silinda 16. Miongoni mwa maajabu yake palikuwa na kifaa kilichotumia shinikizo la oili kuondoa uwazi wa valvu, ili matajiri waliokaa nyuma wasisikie hata mlio wa cherehani. Katika miaka michache iliyofuata kampuni ya Pierce-Arrow iliweka utaratibu huo ndani ya tapeti yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia tapeti za oili zilienea Marekani. Injini mpya za Cadillac na Oldsmobile za mwaka 1949 zilikuwa nazo. Kwa hiyo kifaa hiki hakikuzaliwa ili kumpunguzia fundi kazi. Kilizaliwa ili kumpa tajiri utulivu, na nafuu ya kazi ikafuata nyuma.

Kombi ilisubiri sana. Iliingia kizazi cha pili mwaka 1967, ikapata injini kubwa zaidi katika magari ya 1972, ikafikia lita mbili katika yale ya 1976, na bado ilikuwa na tapeti ngumu. Tapeti za oili ziliwekwa katika Kombi za lita mbili zilizouzwa Marekani kuanzia zile za mwaka 1978. Kizazi cha tatu kilichotokea mwaka 1979 kiliendelea nazo, na injini mpya ya kupozwa kwa maji iliyoanza mwaka 1982 nayo ilikuja nazo.

Tapeti ya oili inafanyaje kazi? Ni kikopo cha chuma chenye pistoni ndogo ndani yake. Chini ya pistoni hiyo kuna springi na chumba kidogo cha oili. Mlango wa chumba hicho ni tundu linalofungwa na gololi. Valvu ikiwa imefungwa na mzigo umeondoka, springi huisukuma pistoni juu hadi uwazi wote uishe, na oili huingia kupitia penye gololi kujaza nafasi iliyopatikana. Nundu inapoinua tapeti, oili hujaribu kutoka, lakini gololi huziba tundu. Kwa kuwa oili haiminyiki, kikopo chote huwa kigumu kama chuma kitupu. Oili kidogo huvuja pembeni, nayo hurudishwa katika mzunguko unaofuata. Hivyo tapeti hujipima yenyewe mamia ya mara kwa dakika, na uwazi hubaki sifuri daima.

Ikiwa hujipima yenyewe, kwa nini basi iwe na skrubu ya kuseti? Hili ndilo swali lililowasumbua mafundi wengi, nami nililiona likileta hasara katika chuo cha ualimu nilichokiongoza.

Katika miaka ya 1980 chuo chetu kilipata Kombi ya kizazi cha tatu, iliyokwisha kutumika, kutoka kwa marafiki wa Ujerumani Magharibi. Usukani ulikuwa kushoto na kitabu chake kiliandikwa kwa Kijerumani. Kwetu gari hilo halikuwa la anasa. Wanachuo walipokwenda mazoezi ya kufundisha walitawanywa katika shule za vijijini, nyingine zikiwa umbali wa kilomita 90, na mkufunzi asiyefika shuleni hawezi kumpima mwanachuo wala kumsaidia. Mwanachuo asiyetembelewa hufundisha peke yake, hujifunza makosa yake mwenyewe, na huenda nayo kazini kwa miaka 30.

Baada ya mwaka mmoja hivi injini ilipelekwa gereji mjini ikabadilishwe gasketi. Fundi aliyeipokea alikuwa hodari, na Kombi alizijua tangu ujana wake. Alipomaliza, aliseti tapeti kama alivyofunzwa: fila, milimita 0.15. Gari likarudi likilia. Dereva wetu, mtu mzima aliyeyapenda magari kama mfugaji anavyopenda ng'ombe, alikuja ofisini akasema, "Mkuu, hili gari linalia kama mashine ya kusaga. Tapeti za namna hii hazilii hivi." Fundi alikuwa amemwachia uwazi mtu ambaye kazi yake ni kuuondoa. Pistoni ndogo ilikuwa imekwisha kupanda hadi kikomo chake na haikuwa na pa kwenda tena, hivyo uwazi ulibaki palepale.

Gari likapelekwa kwa fundi mwingine. Huyu alisikia kelele, akasema tapeti zimelegea, akazikaza mpaka skrubu zikawa nzito. Kelele ikaisha siku hiyohiyo na sote tukafurahi. Kumbe pistoni zilikuwa zimegota chini kabisa, na injini ilipopata moto valvu hazikukaa tena vizuri katika viti vyake. Baada ya majuma machache gari likawa halina nguvu mlimani. Valvu mbili za moshi zilikuwa zimeungua. Ilikuwa katikati ya mazoezi ya kufundisha. Wakufunzi walikwenda kwa baiskeli na kwa malori ya pamba. Shule za mbali hazikufikiwa kabisa, na wanachuo waliokuwa huko walimaliza mazoezi bila kuonwa na mtu.

Aliyelitatua jambo hili ni mkufunzi wetu wa fizikia. Hakuwa fundi wa magari, na Kijerumani hakukijua. Valvu mpya zilipopatikana alimwomba dereva, akamwambia, "Mzee, kabla hatujafunga, naomba nione ndani ya tapeti moja." Waliifungua juu ya meza ya maabara, wanachuo wakizunguka. Waliona springi, waliona gololi, wakabonyeza pistoni kwa kidole na kuona jinsi inavyokataa ikiwa na oili na jinsi inavyokubali gololi ikisukumwa kwa sindano. Kisha mkufunzi akauliza wanachuo, "Ikiwa kitu hiki kinapaswa kupanda wakati mwingine na kushuka wakati mwingine, kianze kazi kikiwa wapi?" Msichana mmoja akajibu, "Katikati."

Hilo ndilo jibu lote. Walitoa oili katika tapeti, wakairudisha, wakahakikisha valvu ya silinda hiyo imefungwa, wakageuza skrubu mpaka ikagusa shina la valvu bila kusukuma. Halafu wakaendelea kuigeuza wakihesabu, mpaka ikawa nzito, ishara kwamba pistoni imegota. Ilikuwa kama mizunguko minne. Wakarudi nyuma miwili, wakafunga nati. Wakafanya hivyo valvu zote. Gari lilipowashwa lililia kwa dakika kadhaa, tapeti zikijaza oili, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza. Miaka kadhaa baadaye nilipata kuona kitabu cha ufundi cha gari lile kwa Kiingereza. Kiliagiza hivi: geuza skrubu mpaka iguse, kisha ongeza mizunguko miwili. Walioifikia kanuni hiyo kwa sababu yake hawakuhitaji kuikariri.

Siwalaumu wale mafundi wawili. Wa kwanza alitumia kanuni iliyokuwa kweli kwa miaka mingi. Wa pili alitumia sikio ambalo halikuwahi kumdanganya. Tatizo ni kwamba kiwanda kilibadilisha sababu bila kubadilisha sura. Ukiibandua kava utaona roka ileile, nati ileile, skrubu ileile. Mtu aliyefundishwa kanuni peke yake atafanya jana yake juu ya kitu cha leo. Sisi walimu tunalijua hili. Mtoto aliyekaririshwa njia ya hesabu huanguka swali linapogeuzwa kidogo tu.

Lakini funzo la tapeti haliishii hapo. Nimesema uwazi wa zamani ulikuwa barua. Tapeti ya oili huipokea barua hiyo na kuimeza. Shina la valvu likirefuka au kiti kikididimia kidogo kidogo, pistoni ndogo hushuka kidogo kidogo na kuficha habari. Dereva hasikii kitu, na fundi hana sababu ya kufungua kava. Siku pistoni itakapofika chini, valvu itaanza kuungua, na hiyo ndiyo itakuwa habari ya kwanza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Je, tuseme basi tapeti ya oili ni hasara? La hasha. Imewapunguzia mamilioni ya watu gharama, na valvu nyingi zilizokuwa zikiungua kwa uvivu wa wenye magari zimepona. Ninachosema ni kwamba kazi haikufutwa, ilihama. Zamani uhai wa valvu ulikuwa katika bamba la fila. Sasa umo katika oili. Tundu lile la gololi ni dogo mno, na chembe moja ya uchafu huizuia gololi isikae. Mwenye kuchelewesha kubadilisha oili, au kununua oili ya kupimiwa kwenye chupa bila kujua ilikotoka, anafanya leo kosa lilelile la yule asiyefungua kava zamani. Na kwa kuwa barua haiji tena yenyewe, inabidi kuifuata: kupima kompresheni ya kila silinda mara kwa mara, na kuandika vipimo hivyo ili vilinganishwe na vya mwaka uliopita. Dereva wetu alianza kufanya hivyo tangu mwaka ule, katika daftari la mazoezi la kurasa 48. Alipostaafu alimkabidhi mwenzake funguo na daftari pamoja.

Kombi ya mwisho ya kizazi cha pili ilitoka kiwandani huko Brazili mwezi Desemba 2013. Katika barabara zetu nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na Hiace, na huko mambo ni mchanganyiko: zile za dizeli za injini ya 5L zina tapeti ngumu za kupimwa kwa vibati, na zile za petroli za 1TR zina za oili zinazojipima. Fundi wa leo huweza kupokea zote mbili asubuhi moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana anayejifunza ufundi si kipimo ni kiasi gani. Muulize: katika injini hii, nani anaushika uwazi, na wewe utajuaje siku atakaposhindwa? Akiweza kulijibu, mpe spana.